Daraja la Kwanza

Bi Sikudhani hakujua kwamba Nishani ya Ushujaa ina madaraja mpaka asubuhi ile alipoitwa kwenye uwanja wa gwaride kupokea ya mwanawe, Hamduni. Meja alimpigia saluti, akamkabidhi kikasha chekundu.

"Mama, hii ni ya daraja la kwanza. Hakuna iliyo juu yake."

Bi Sikudhani aliwatazama askari waliosimama mstarini, nishani zikimetameta vifuani mwao.

"Na hawa wenzake wamepata ipi?"

"Hao ni daraja la pili. La kwanza hupewa waliofia vitani tu."

Akauliza kwa sauti ya chini, "Basi hilo la pili halikuwezekana, baba?"

Meja aliinamisha macho.

Tarumbeta zilipokoma, kila askari alizungukwa na jamaa zake kwa vigelegele. Bi Sikudhani alibaki kitini peke yake, kikasha mapajani, asijue amwendee nani. Ndipo askari mmoja akamjia akichechemea na gongo.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mbwete. Hamduni ndiye aliyenibeba kunitoa kwenye risasi, kisha akarudi kumfuata mwingine."

"Marahaba, mwanangu."

Nishani ya Mbwete ilikuwa imekaa upande. Bi Sikudhani aliinuka, akainyoosha taratibu kwa vidole vyake. Chini yake moyo wa kijana ulikuwa ukidunda kwa nguvu. Nishani ikakaa sawa, lakini mkono hakuuondoa.