Vipimo Vilivyorudi

Kompyuta ilikata roho gauni la bibi harusi likiwa bado kitambaa mezani. Haikuaga. Kioo kiligeuka buluu, kikaandika maneno mawili matatu yasiyoeleweka, kisha kikawa cheusi. Mama Mikasi akabaki amesimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Humo ndimo mlimokuwa na vipimo vya wateja wake wote. Mdogo wake ndiye aliyemshawishi: "Dada, achana na makaratasi, dunia imekwenda." Haya, dunia ilikwenda kweli, na yeye ikamwacha njiani.

Akampigia simu bibi harusi, mchumba wa mdogo wake, aje apimwe upya.

"Jamani wifi, mgongo huu! Hata mlangoni sifiki. Tumia vilevile nilivyokupa."

Nilivyokupa, ndiyo, maana hata siku ya kupimwa hakukubali kuguswa. Alijifungia kwenye kijumba cha kujaribia nguo, akajizungushia futi mwenyewe, akawa anataja namba kutoka nyuma ya pazia. Mama Mikasi alizichapa palepale, akafuta za zamani, za gauni la mahafali alilomshonea kabla hajawa wifi. Mimba ya kwanza ina aibu zake, alijisemea, na mwanamke mwenzako humlazimishi.

Mimba hiyo ndiyo iliyoleta harusi ya mbiombio. Mdogo wake alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, nafasi aliyoililia tangu utotoni. Mama Mikasi, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, ndiye aliyemkalisha chini.

"Humwachi mtoto wako tumboni mwa mtu ukapanda ndege. Maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Kijana akasema, "Sawa, dada." Nafasi akaikataa. Tangu siku hiyo hacheki, anakula tu na kulala, na ile "sawa" yake imemkaa dada mtu kifuani. Harusi angalau iwe nzuri. Hicho tu ndicho alichobaki nacho cha kumpa.

Basi akaibeba kompyuta kwapani, kutoka kwa fundi huyu hadi kwa yule. Wa kwanza alisema ni chaji. Wa pili alisema ni virusi, akampa pole. Wa tatu aliifungua, akaguna, akamwambia aiache aende akapumzike. Apumzike wapi, na magauni ya wapambe yanamngoja?

Aliporudi kesho yake, aliikuta inawaka.

"Mfumo mzima uliharibika, mama, ikabidi niupandishe upya," fundi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alionekana hajalala. "Vitu vyako nimevirudisha kutoka kwenye nakala ya mwisho iliyohifadhiwa."

"Vipimo vipo?"

"Vipo. Hebu angalia."

Akaangalia. Majina yote yalikuwepo, la bibi harusi na la mdogo wake yakiwemo. Alitaka kumkumbatia yule kijana wa watu, ila mikono ilikuwa mizito kwa uchovu. Akasema asante, akaondoka.

Dukani akaisukuma kompyuta kwa mkata nguo wake mpya, ambaye hakuwa amemwona bibi harusi hata kwa sura. "Gauni la bibi harusi na suti ya bwana harusi, kata kwa vipimo vilivyomo." Yeye akainamia shela, akishona shanga moja moja, shingo ikimwuma na macho yakimtoka machozi. Wasichana wake wakalishona gauni, wakalipiga pasi, wakalikunja kwenye boksi. Likapelekwa bila kujaribiwa, kwa kuwa ule mgongo, jamani, ulikuwa bado unauma.

Asubuhi ya harusi mdogo wake alitoka chumbani ameshika suruali kwa mikono miwili. Kifungo na tundu lake havikuwa vikisalimiana.

"Dada, ulinipima au ulinikadiria?"

"Umekula nini wewe?"

"Nimenenepa, sikatai. Lakini si ulinipima juzijuzi tu, na tumbo ni hilihili?"

Mama Mikasi akafungua kompyuta. Kiuno alichokikuta kilikuwa cha mdogo wake yule mwembamba wa zamani. Akatazama tarehe ya faili, akaitazama tena. Nakala ya mwisho ilikuwa ya mwaka jana. Kila kipimo kilichokuwemo kilikuwa cha mwaka jana.

"Mungu wangu! Gauni!"

Akakusanya mkasi, pini na vipande vya kitambaa vilivyobaki, akatoka mbio na ndara miguuni. Njia nzima alijilaani. Mtoto wa watu ana mimba ya miezi sita, amempelekea gauni la kiuno cha nyigu! Atavaa nini mbele ya wageni? Na mdogo wake, baada ya yote aliyoyaacha, hata harusi ya heshima aikose, kwa sababu dada yake alichoka kusoma tarehe? Alikuwa analia waziwazi sasa, na hakujali nani anamwona.

Nyumbani kwa kina bibi harusi wanawake walikuwa uani wakihangaika na mapambo. Hakusubiri kukaribishwa. Alipita katikati yao, akafika chumbani, akasukuma mlango bila hodi.

"Wifi, nisamehe, usilivae, nimekosea..."

Bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya kioo, zipu imefungwa mpaka juu, gauni limemkaa kiunoni bila kumbana popote. Kitandani, kando ya boksi, palikuwa na mto mdogo wa duara ulioshonewa kamba mbili za kufungia tumboni.