Kanga Akataa Kuketi

Hebu fikirini, wanangu, golikipa asiyeona vizuri. Huyo ni Fuko. Hata hivyo alikuwa hafungwi kirahisi, kwa sababu mashabiki walisimama nyuma ya goli lake wakimwelekeza: "Kulia! Kushoto!"

Kisha mwenyekiti Ngiri, mpenda makuu, akaihamishia timu uwanja mpya wenye viti vya kivulini, mbali na goli. Mashabiki wakagawanyika. Twiga alifurahia kivuli. Kanga, ndege wa kelele, aliupinga uwanja huo.

"Shangazi, umezoea vumbi," Twiga alimcheka.

"Nimezoea Fuko akidaka, mwanangu!"

Mechi ya kwanza, Fuko alifungwa mawili upesi.

"Akifungwa la tatu, namfukuza!" Ngiri akafoka.

Kanga akashuka, akasimama nyuma ya goli.

"Rudi ukaketi!" Ngiri aliamuru.

"Siketi! Njoo unitoe. Fuko, kulia!"

Fuko akadaka. Twiga akashuka, na nusu ya jukwaa ikamfuata. Ngiri akaja mbio kuwatimua, lakini alipofika penalti ilikuwa inapigwa, akajikuta akiwapita wote kwa kelele: "Kushoto, Fuko! Kushoto, baba!"

Fuko akaukumbatia mpira.

Wanangu, naomba mkumbuke jambo moja: mkiambiwa mketi huku mwenzenu anawahitaji, simameni.