Sina Swala

"Sindano ya uzazi wa mpango ndiyo iliyokata damu," muuguzi alimwambia Mwanakheri. "Si ugonjwa. Tukikuwekea kijiti mkononi, huenda ukapata matone ovyo ovyo. Kitanzi cha homoni nacho huweza kuikata."

Mwanakheri hakutulia kitini. "Njia ipi itanipa siku zangu kila mwezi, kama zamani?"

"Siwezi kukuahidi. Kwani una haraka gani na damu?"

"Mama mkwe hajui habari za sindano. Nikiwa kwenye siku zangu siswali, naukunja mswala. Sasa ni miezi sijaukunja, na yeye anaona. Jana nimemkuta anashona nepi."

Alirudi nyumbani bila kuchagua. Adhana ya alasiri ilimkuta mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshatandika miswala miwili.

"Njoo tuswali, mwanangu. Taratibu, usijikwae."

Mwanakheri aliinama, akaukunja wa kwake.

"Sina swala, mama."

Mama mkwe alimtazama tumboni, kisha akageukia kibla peke yake. Mwanakheri alibaki amesimama nyuma yake, mswala kaukumbatia, na midomo yake ikaanza kusoma Alhamdu yenyewe.