Pasipoti kwenye Droo ya Vijiko

Eulalia alikuwa anatafuta kisu cha kuwakatia keki wageni waliokuwa uani, akakuta pasipoti yake.

Ilikuwa chini ya vijiko, jikoni kwa komadre wake, mama wa ubatizo wa bintiye. Pasipoti ileile ambayo komadre aliapa ameipeleka kwa watu wa kodi, ili Eulalia apewe namba ya mlipa kodi na kufungua kibanda chake mwenyewe cha tamale, zile donge za unga wa mahindi zinazopikwa ndani ya maganda, hapa Los Angeles.

Kila alipoulizia, jibu lilikuwa lilelile. "Serikali ya hawa gringo wa Marekani inatembea kama bibi harusi, komadre. Wewe endelea kunipikia mgahawani."

Naye akapika. Wateja walijilamba vidole na kumsifu komadre.

Jalada la kijani lilikuwa limeingia mafuta ya nguruwe, yakaganda juu ya nembo ya tai wa Mexico. Eulalia akayakwangua kwa ukucha, taratibu.

"Komadre," sauti tamu ikaita kutoka uani, "hicho kisu umekifuata Mexico?"

Wageni wakaangua kicheko.

Eulalia akaiweka pasipoti kwenye sahani, akalaza kisu juu yake, akavibeba vyote mpaka uani.