Ukurasa wa Bi Petkana

Kila asubuhi saa tatu Lyudmil aliweka kikombe cha kahawa kando ya kompyuta, akanyoosha vidole, akaanza kazi. Asubuhi ile hakuwahi hata kuonja. Simu iliita, naye akaiweka kwenye kipaza sauti ili mikono ibaki huru.

"Kijana, jirani amenifungulia hiyo tovuti yako," alisema Bi Petkana. "Kwanza limepita wingu. Halafu ua likachanua. Anwani yangu iko wapi?"

"Iko chini, mama. Unateremka kidogo tu."

"Kidogo! Tumeteremka mpaka kuzimu, hatujaiona."

Dirishani, Zdravka, mama yake Lyudmil, alikuwa akimenya pilipili hoho za kuchoma. Hakuinua uso. "Mwambie huyo mwanamke, hata mawaziri hawajitangazi hivyo. Yeye ni nani?"

"Na wewe mwambie huyo anayebweka huko nyuma," simu ikajibu, "kwamba sikumwuliza yeye."

Lyudmil alitabasamu. Wateja wazee walimchosha, lakini huyu alikuwa burudani.

Bi Petkana alikuwa mjane. Mwaka uliopita alihamia ghorofa jipya ng'ambo ya mto, upande wa pili wa mji wa Plovdiv. Tarehe kumi na nne Oktoba, siku ya Mtakatifu Petka, ambayo ndiyo siku ya jina lake na kwao husherehekewa kama ya kuzaliwa, alipika meza nzima akakaa peke yake mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyejua mlango wake. Na siku ya jina mtu haalikwi. Anayekukumbuka huja mwenyewe. Ndiyo maana alitaka ukurasa mmoja tu wa kusema yuko wapi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

"Nimekuwekea na kitufe," Lyudmil alisema kwa majivuno. "Mgeni anabonyeza, anathibitisha kwamba atakuja."

"Kitufe cha nini? Unataka nionekane naomba wageni kama sadaka?"

Zdravka alicheka kwa dharau. "Nimezaa mzungumza na mashine. Hata hilo la siku ya jina hulijui?"

"Huyo wa nyuma leo kasema kweli," Bi Petkana alisema. "Kitoe. Toa na wingu, toa na ua. Andika ninavyokwambia. Basi linasimama mbele ya duka la mikate. Mlango wa pili. Ngazi kumi na nne, kishikio kiko kushoto. Ngazi ya mwisho ni fupi, inadanganya mguu. Kengele ni mbovu, gonga."

"Mama, hii ni tovuti au ni maelekezo ya mwizi?"

"Herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe. Ifunguke hata kwenye simu dhaifu. Na simu ikiambiwa isome kwa sauti, isome yote, juu mpaka chini, isikwame kwenye mapambo yako."

"Asomewe nani? Wageni wako ni watoto wa chekechea?"

 Dirishani, kisu cha Zdravka kilisimama.

"Wewe andika," Bi Petkana alisema. "Sasa litamke jina la tovuti."

"Nimekutumia kwa ujumbe."

"Litamke. Polepole, na kwa sauti."

Lyudmil alilitamka mara mbili, kama anayemfundisha kasuku.

"Ngazi kumi na nne," Zdravka alinung'unika simu ilipokatika. "Hilo ni ghorofa au ni banda la kuku?"

Kazi ya wiki mbili ilifutwa, na iliyobaki ikamalizika kwa nusu saa. Lyudmil aliitazama kwa kinyaa. Ilifanana na tangazo la kifo lililobandikwa mlangoni. Kwenye kazi zake zote huweka jina lake chini, hii hakuiwekea.

Wiki moja baadaye akachungulia hesabu ya wageni wa tovuti, kisha akampigia Bi Petkana yeye mwenyewe. Utamu wa kicheko ulimshinda.

"Hongera, mama. Dunia nzima, mgeni mmoja! Huyo huyo, mara kumi na moja. Mwambie jirani apumzike sasa."

"Jirani yuko Varna kwa binti yake tangu siku uliyoimaliza," alisema Bi Petkana. "Mara ngapi umesema?"

"Kumi na moja."

Kwenye simu kikasikika kiti kikivutwa.

"Basi nitakanda unga," alisema, akaaga bila tusi hata moja.

Lyudmil alimhadithia mama yake huku akicheka. "Mara kumi na moja! Labda ni mwizi kweli."

Zdravka hakucheka. "Mwache," alisema. "Mpumbavu na meza yake."

Asubuhi ya tarehe kumi na nne Lyudmil aliingia jikoni, akamkuta mama yake amevaa koti la kanisani, vifungo vimeruka tundu moja. Simu ilikuwa sikioni mwake. Sauti ya mashine, kavu na yenye subira, ilikuwa ikisoma: *Ngazi ya mwisho ni fupi. Kengele ni mbovu. Gonga.*

Lyudmil alisimama palepale. Ilikuwa miaka mitatu tangu macho ya mama yake yazimike. Tovuti zote alizotengeneza mwanawe tangu hapo alijaribu kuzifungua, na hakuna hata moja iliyowahi kumsemesha.

"Mama, unakwenda wapi?"

Zdravka alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwanawe.

"Miaka thelathini na miwili nimemtukana, tangu kabla hujazaliwa," alisema. "Nimechoka. Nipeleke kwa dada yangu."