Mlevi wa Mwezi Mtukufu

Obeid alianguka mbele ya msikiti wa Kaloleni, mchana kweupe, watu wakitoka kuswali adhuhuri. Hakusukumwa na mtu. Alikuwa anatembea tu, kila mguu ukashika njia yake, akajikuta chini na kofia iko mtaroni. Alipojaribu kujieleza, ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka nusunusu.

"Subhanallah! Hata Ramadhani?" mtu mmoja akasema. Wengine wakacheka. Ramadhani ya mwaka wa tisini na tatu, jua la Kisumu linachoma mpaka mabati yanalia, na fundi baiskeli analewa mlangoni pa msikiti! Aibu gani tena mtu aitafute?

Kadija, mkewe, alipata habari kabla mume hajafika nyumbani. Hakushangaa. Alikaa kwenye kigoda akalia, kwa sababu alikuwa ameuona ulevi huo ukirudi na alikuwa akimwomba Mungu awe amekosea.

Kwanza ilikuwa mikono. Ilitetemeka mpaka nati zikawa zinamponyoka. Halafu akaanza kutapika. Halafu Anyango, jirani yao, akaja kumnong'oneza: "Mama Zeituni, mimi sipendi fitina. Lakini mzee wako nimemwona Nyalenda, kwa Seline. Kila mchana anaingia pale."

Seline alikuwa anapika chang'aa. Walevi wote wa mjini waliujua mlango wake, na Obeid alikuwa ameujua zaidi ya wengi.

Ugonjwa wa Obeid ulikuwa na majira mawili. Kuna majira alikuwa hapati usingizi, anaongea kama redio, ananunua baiskeli mbovu za mji mzima eti afungue kiwanda. Na kuna majira alilala akitazama ukuta, hata binti yake Zeituni akimwita haitiki. Majira yote mawili alikunywa. Miaka na miaka watu walisema ni jini, mpaka daktari mmoja akaupa ugonjwa jina lake na kumpa vidonge.

"Ugonjwa huu hautembei peke yake," daktari alimwambia Kadija. "Rafiki yake mkubwa ni pombe. Ukiona dalili, mama, usifiche kwa aibu. Mlete. Na vidonge hivi vina masharti: ale vizuri, anywe maji mengi, asiruke siku. Mwili ukikauka maji, dawa yenyewe hugeuka sumu."

Maalim naye akasema Obeid asifunge, mgonjwa ana ruhusa. Kadija akayashika masharti yote. Alfajiri alipoamka kula daku alimwamsha mumewe ameze kidonge, na Obeid alikuwa akikaa pale amege tonge mbili tatu. Baada ya futari akampa kingine. Asubuhi alimtilia chakula cha mchana kwenye bakuli, na chupa ya maji, aende navyo kazini. Vyombo vilirudi vitupu kila siku, akashukuru.

Karibu mwaka mzima Obeid alikuwa mtu kati ya watu. Hakugusa pombe, alimbeba Zeituni mabegani, alicheka. Kadija alikuwa ameanza kumpenda upya, na hilo ndilo lililomuuma sasa. Kaka zake wa Muhoroni walikwisha kusema: akirudia pombe, tunakuja kukuchukua wewe na mtoto, na hiyo ndoa imekwisha.

Kwa hiyo alipomwona Obeid akiingia uani kwa kushika ukuta, hakufikiria daktari. Alifikiria kaka zake. Habari hii isivuke Kaloleni! Alimshika mkono akamwingiza chumbani, akamkalisha kitandani. Midomo ya mume ilikuwa imekauka, imepasuka. Huruma ikamshika kidogo, akaenda kumletea kikombe cha maji.

"Kunywa."

Obeid akatikisa kichwa. "Bado."

"Bado nini? Hujatosheka?"

"Bado kidogo, Mama Zeituni." Akajaribu kutabasamu.

Tabasamu hilo lilimwasha Kadija moto. Nyumba inaungua, mwenyewe anacheka! Akamwaga yale maji uani.

"Basi kaa humo mpaka ikutoke!" Akafunga mlango kwa nje, akatia kufuli.

Alasiri yote alipika akilia. Mara moja alimsikia akitapika, akaziba masikio. Wacha itoke yote, alijiambia, kesho nitampeleka kwa daktari, hakuna atakayejua.

Adhana ya magharibi ilipolia, alifungua mlango na sahani ya tende mkononi. Obeid alikuwa sakafuni. Mwili wote ulikuwa unaruka, macho yamegeuka. Kadija akapiga ukemi. Majirani wakambeba kwa mkokoteni mbio, lakini hakufika hospitali.

Walimzika kesho yake. Hakuna aliyetaja pombe, watu wana adabu zao mbele ya maiti, ila Kadija aliisikia kwenye kila pole aliyopewa. Alikaa kwenye mkeka kati ya wanawake, hana hata machozi tena.

Ndipo Seline akatokea mlangoni, leso kichwani, viatu mkononi, analia.

Kadija akasimama. "Umemuua na sumu yako, sasa umekuja kuangalia kama amekufa vizuri?"

"Uuwi, Mama Zeituni! Pombe yangu? Mzee hakuonja hata tone." Seline akajipangusa uso kwa leso. "Mwezi hii alikuwa tu analetea watoto wangu chakula, na chupa ya maji. Akaniambia nisikwambie mpaka Idi. Alikuwa amefunga, mama. Hakuacha hata siku moja."