Kanga na Dimbwi la Kwao

Zamani, ndege walipokuwa wakihamia nchi za wenzao, Kanga alikwenda kuishi kwa mabata. Huko waliangalia miguu: asiye na utando vidoleni alikunywa wa mwisho. Kanga akawa mtu wa kunywa tope, na kila akimeza humwambia Bata, "Kwetu hakuna mambo haya, bwana. Dimbwi letu lilikuwa moja, maji baridi, na hakuna aliyeulizwa kitu." Akikumbuka, machozi humlengalenga.

Siku moja akafika Kwale, jirani yake wa zamani, naye akawekwa nyuma. Kanga akafurahi mno.

"Ndugu yangu, hebu waeleze hawa tulivyokuwa tukinywa kwetu."

"Dimbwi lilikuwa moja, kweli," akasema Kwale. "Nyinyi wenye madoa meupe mlitangulia, sisi wengine tukangoja mmalize. Tope nimelijua tangu utotoni."

Kanga akamgeukia. "Mbona sikuwahi kukuona ukingoja?"

"Ungenionaje, dada? Nilikuwa nyuma yako."

Zamu yao ilipofika, Kanga alisogea kando, Kwale akatangulia. Tangu hapo hakumsimulia tena Bata habari za kwao, ingawa utamu wa maji yale haukumtoka mdomoni.